Ancient House ya Ipswich: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyumba ya tajiri iliyokuja kuwa duka

Ukurasa huu ni wa wale wanaoulizia nyumba yenye nakshi nyingi iliyo katikati ya mji wa Ipswich, mashariki mwa Uingereza. Wenyeji huiita Ancient House. Kwenye vitabu vya zamani utaikuta kwa jina la Sparrowe's House, kwa ukoo uliokaa humo zaidi ya miaka mia mbili. Maswali hayakupangwa kwa umuhimu. Mengine yana jibu la sentensi mbili, mengine yanadai maelezo, hasa yanayogusa kiunzi na lipu.

Iko wapi hasa?

Kwenye kona ya mtaa wa Buttermarket na uchochoro wa St Stephen's Lane, katika eneo la maduka la mji. Kutoka London unapanda treni stesheni ya Liverpool Street, na safari ni kama saa moja na robo hivi. Ukishuka Ipswich, unafika kwa miguu.

Ni ya mwaka gani?

Nyumba ya namna hii haina mwaka mmoja. Chumba cha nyuma chenye paa la kenchi za kuchongwa ni cha karne ya 15. Mwaka 1567 nyumba ilinunuliwa na George Copping, mfanyabiashara wa nguo na samaki, ambaye aliongeza ukumbi mrefu na kuzivika kuta za ndani mbao za kunakshi. Mwaka 1603 ikaingia mikononi mwa William Sparrowe, na mjukuu au kitukuu wa ukoo huo, Robert Sparrowe, ndiye aliyeipa sura inayopigwa picha leo, kati ya 1660 na 1670 hivi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ni ya karne ya 15 na mwingine anasema ni ya karne ya 17, wote wako sahihi. Mmoja anazungumzia miti, mwingine anazungumzia lipu.

Mnasema ni nyumba ya mbao. Mbona picha zinaonyesha lipu tupu?

Kwa sababu mbao ziko nyuma ya lipu. Watu wengi wakisikia nyumba ya kale ya Kiingereza ya kiunzi cha mbao wanafikiria michirizi myeusi juu ya ukuta mweupe. Mkoa wa Suffolk haukuwa hivyo. Karne ya 17 matajiri wa huko walianza kufunika miti yao. Sababu hazikuwa moja. Mti ukikauka unasinyaa, unaacha nyufa kati yake na ukuta, na upepo wa Januari unapita. Moto nao ulikuwa tishio la kila siku katika miji iliyobanana. London iliungua mwaka 1666, na baada ya hapo sheria ikataka kuta za tofali au mawe. Halafu kuna fasheni. Mti ulioonekana ulikuwa umeshakuwa mambo ya babu. Mtu aliyejiweza alitaka nyumba yenye uso laini, unaoiga mawe, au uso uliojaa picha. Robert Sparrowe alichagua picha.

Ukitaka kuviona viungo vya miti, usisimame mtaani ukitazama mbele. Ingia ndani, tazama dari, tazama kona za vyumba vya nyuma.

Kiunzi kilijengwaje?

Aliyekulia kwenye nyumba ya miti na udongo hapati tabu kuielewa hii. Kanuni ni ile ile: nguzo zinabeba, fito zinajaza, udongo unakandikwa. Tofauti iko kwenye unene wa miti, kwenye viungo, na kwenye jambo moja la chini kabisa ambalo ndilo lililozipa nyumba hizi umri mrefu: nguzo hazichimbiwi ardhini. Kwanza unajengwa ukuta mfupi wa mawe au matofali. Juu yake unalazwa mti mnene, mlalo, na nguzo zinasimama juu ya mti huo. Nguzo iliyochimbiwa huoza pale inapoingia ardhini, iwe Suffolk iwe Tanga; iliyoinuliwa, ikipata paa zuri, inaweza kukaa karne tano.

Juu ya nguzo hukaa boriti inayofuata ukuta, kisha boriti ya kukatiza inayofunga kuta mbili zisiachane, kisha kenchi. Kwenye pembe hutiwa miti ya mshazari, mara nyingi iliyopinda yenyewe tangu msituni, ili kiunzi kisilale upande. Nguzo kuu husimamishwa kichwa chini: upande wa shinani, ulio mnene, ndio unaowekwa juu. Huko juu ndiko miti mitatu hukutana mahali pamoja, na lazima pawe na unene wa kutosha kutoboa matundu ya wote watatu bila nguzo kupasuka.

Mbao ni za mwaloni, nazo zilichongwa zingali mbichi, kwani mwaloni ukikauka unaivunja patasi heshima. Seremala alilaza kiunzi chote kwenye uwanja wake, upande mmoja baada ya mwingine, akajaribisha kila kiungo, akachonga alama, akakifungua. Vipande vikapakiwa kwenye mikokoteni na kwenda kusimamishwa mahali pake. Alama hizo ni nambari za Kirumi, kwa kuwa I, V na X ni mistari iliyonyooka tu na patasi moja inazitosha. Kwenye nyumba nyingi za aina hii bado zinasomeka penye kiungo cha nguzo na boriti: nambari fulani kwenye nguzo, nambari hiyo hiyo kwenye mti unaoingia.

Nafasi kati ya nguzo zilijazwa vijiti vilivyosimama, vikasukwa fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe. Wakandikaji walikuwa wawili, mmoja ndani na mmoja nje, wakirusha udongo mahali pamoja kwa wakati mmoja ili donge la huyu likutane na donge la yule katikati ya fito. Asiyeelewa kwa nini wafanye hivyo, ajaribu kukandika peke yake: udongo wote unatokea upande wa pili.

Suffolk ulikuwa mkoa wa sufu, na pesa ya sufu ilionekana kwenye kuta. Tajiri alisogeza nguzo zake karibu karibu, hata nafasi kati ya nguzo na nguzo ikakaribia upana wa nguzo yenyewe. Kiufundi hazihitajiki nyingi hivyo. Ilikuwa ni kumwambia jirani kwamba mwaloni haukunishinda kununua.

Misumari ilitumika?

Kwenye viungo vikuu, hapana. Ulimi wa mti mmoja unaingia kwenye tundu la mwingine, kisha vinapigiliwa vigingi vya mwaloni. Tundu la kigingi kwenye ulimi lilitobolewa likiwa limepishana kidogo na lile la nguzo, ili kigingi kikiingia kwa nguvu kivute kiungo kikaze. Mti ukikauka, kinakaza zaidi.

Imepinda! Haitaanguka?

Imepinda kwa sababu ilijengwa kwa mti mbichi, na mti ulikaukia pale pale ukutani, ukajikunja upendavyo. Mpindo mwingi wa nyumba hizi ulitokea mapema, wajukuu wa mjenzi wakiwa bado hawajazaliwa, na tangu hapo nyumba imetulia. Kiunzi cha mbao kina uvumilivu ambao tofali haina: msingi ukizama kidogo, viungo vinageuka kidogo, nyumba inakaa mkao mpya.

Hatari yenyewe haiko kwenye mpindo. Iko kwenye maji. Bomba la mvua lililoziba likidondoshea mahali pamoja kwa miaka kumi hudhuru kuliko karne tano za kujikunja.

Kwa nini kwenye nyumba hizi ghorofa ya juu hutokeza mbele kuliko ya chini?

Majibu yanayotolewa ni mengi. Nafasi ya ziada juu ya barabara bila kununua kiwanja. Kivuli na kinga ya mvua kwa bidhaa zilizopangwa nje ya duka. Nguzo fupi za ghorofa moja moja, ambazo ni rahisi kupata kuliko mti mmoja wa kutoka chini hadi paani. Pia boriti za sakafu zinazochomoza nje, zikibebeshwa uzito wa ukuta wa juu kwenye ncha zake, hazilegei sana katikati.

Yote yana ukweli, lakini mimi naona fahari ilikuwa na sehemu kubwa. Nyumba za mashambani, zenye uwanja tele na barabara isiyo na mtu, nazo zilitokeza. Tena zilitokeza mbele tu, upande ambao mgeni anauona.

Zile picha za mabara kwenye ukuta zina maana gani? Na ni kweli Afrika imo?

Imo. Chini ya madirisha ya ghorofa ya kwanza kuna picha za lipu zilizoinuka, zikionyesha mabara manne: Ulaya, Asia, Afrika na Amerika. Amerika ina kiko cha tumbaku. Asia ina jengo la kuba. Ulaya ni mwanamke aliyevaa vizuri, na majengo yake. Afrika ni mtu aliye karibu uchi. Hapo ndipo Mwafrika anayepita Buttermarket na mifuko yake ya soko husimama kidogo.

Tuanze na ufundi. Lipu hii ni chokaa, mchanga na nywele za wanyama. Nywele hushika kazi isipasuke, kama nondo zinavyoshika zege. Fundi alipaka tabaka la chini, akaliacha likamate, kisha akajenga umbo kwa mwiko mdogo na vidole lipu ikiwa bado laini, au akakandamiza kalibu ya mbao pale palipotakiwa pambo la kurudiarudia. Muda wa kusahihisha ni mfupi. Suffolk na jirani yake Essex ndiyo mikoa iliyobobea kazi hii, na Ancient House hutajwa kila mara kama mfano wake wa juu.

Sasa maana. Mwenye nyumba alikuwa wa ukoo uliofanya biashara ya viungo na bidhaa za mbali, katika mji wa bandari. Mabara manne juu ya mlango wa mtu kama huyo nayasoma kama ubao wa matangazo: bidhaa zangu zinatoka pande zote za dunia. Mafundi wa zama hizo walinakili michapo, yaani picha zilizochapishwa, iliyokuwa ikizunguka Ulaya, ambamo kila bara lilikuwa na vazi lake na alama zake zisizobadilika. Aliyeiumba Afrika ya Ipswich hakuwa na Mwafrika mbele yake. Alikuwa na desturi ya wachoraji.

Desturi hiyo haikuhusu mambo yalivyokuwa. Alipokuwa akikanda chokaa yake, Husuni Kubwa ya Kilwa, jumba la mawe la karne ya 14, lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia tatu, na wafanyabiashara wa pwani yetu walikuwa wakivaa vitambaa vya Gujarati kwa vizazi. Kuna na la pili. Mbele ya nyumba kuna nembo ya Mfalme Charles II. Mwaka 1660, mwaka aliorudi kwenye kiti, mfalme huyo alitoa hati kwa kampuni ya kufanya biashara Afrika Magharibi, ambayo haikuchukua muda kuingia kwenye biashara ya watumwa, na watumwa hao wakapelekwa kulima mashamba ya ng'ambo. Siwezi kumbebesha Sparrowe jambo hilo. Ila kiko cha Amerika na mtu wa Afrika viko kwenye ukuta mmoja, hatua chache kati yao, na anayejua historia anauona uzi unaoviunganisha.

Australia iko wapi?

Haimo. Wadachi walishafika pwani yake mwaka 1606, lakini kwenye michapo ya mabara iliyotumiwa na mafundi, dunia ilikuwa na pembe nne, basi.

Picha nyingine ni zipi?

Kuna Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, na kuna wachungaji na kondoo zao. Bahari na kondoo: bandari na sufu. Baada ya hapo ni maua, matunda na mashada, na huko fundi alijiachia.

Yale madirisha makubwa yaliyochomoza ni ya kawaida?

Yalikuwa ya eneo lile, ndiyo maana wasanifu wakayapa jina la mji: dirisha la Ipswich. Ni dirisha pana lililotokeza nje ya ukuta, lenye upinde katikati na vioo vya mraba kila upande. Karibu miaka mia mbili baadaye msanifu Richard Norman Shaw aliyapenda, akayatumia kwenye jengo la ofisi liitwalo New Zealand Chambers, London, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Wengine wakamwiga. Jengo la Shaw halipo tena. La Ipswich bado lipo.

Ni kweli mfalme alijificha humo?

Simulizi linasema Charles II, baada ya kushindwa vitani Worcester mwaka 1651, alifichwa kwenye chumba cha siri paani. Chumba kipo: mwanzoni mwa karne ya 19 mafundi walifungua sehemu ya juu iliyokuwa imezibwa, wakakuta paa la kale ambalo watu wa nyumbani walikuwa wamelisahau. Chumba kilichozibwa hakikai muda mrefu bila kupewa hadithi.

Lakini njia ya mfalme baada ya Worcester inajulikana. Alielekea magharibi na kusini, akapanda chombo Shoreham, pwani ya kusini, Oktoba 1651, akavuka kwenda Ufaransa. Ipswich iko upande mwingine kabisa. Nembo yake iliyo mbele ya nyumba haimaanishi kwamba alilala humo. Baada ya 1660 watu wengi wenye mali walikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba wako upande wa mfalme.

Iligeuzwa duka lini?

Swali hili linakuja kila mara, na kila mara nasita, kwa sababu linadhani kwamba mwanzoni haikuwa duka. Nyumba ya mfanyabiashara wa karne ya 15 au 16 ilikuwa na biashara ndani yake tangu siku ya kwanza. Mbele, usawa wa barabara, ni mahali pa kuuzia. Nyuma ni ukumbi wa familia. Juu ni vyumba vya kulala, na stoo popote inapopatikana. Ukitaka kuona uso wa duka la zamani hizo, nenda Lavenham, mji mdogo wa sufu katika mkoa huo huo: kuna nyumba ambazo madirisha yao ya duka yamebaki, ya mbao, yenye upinde juu na bila kioo. Ubao wa chini ulishushwa asubuhi ukawa meza ya kuuzia, jioni ukainuliwa ukawa kizuizi. Mnunuzi alibaki barabarani.

Kilichobadilika karne ya 19 ni kwamba mwenye nyumba aliondoka. Ukoo wa Sparrowe ulipokwisha kuiacha, biashara ilipanuka ikachukua vyumba vya familia. Kwa muda mrefu, karne ya 19 na ya 20, humo palikuwa na duka la vitabu. Kuelekea 1980 jengo lilikuwa hoi. Halmashauri ya mji ikalinunua na kulifanyia matengenezo makubwa, kisha likapangishwa tena. Miongo ya karibuni wengi wamelijua kama duka la vyombo vya jikoni, sufuria na vikombe vikiwa vimepangwa chini ya dari za karne ya 16. Maduka huja na kuondoka, kwa hiyo usishangae ukikuta jina jingine mlangoni.

Wapo wanaolalamika kwamba jengo la hadhi hii lingekuwa makumbusho. Sikubaliani nao. Makumbusho madogo hufungwa bajeti ikikatwa, na jengo lililofungwa linavuja bila mtu kujua. Duka linafunguliwa kila asubuhi. Kuna mtu anayepasha vyumba joto na kufagia, na maji yakitona juu ya bidhaa zake anapiga simu saa ile ile.

Mpangaji anaruhusiwa kubadilisha nini?

Kidogo sana. Jengo limeorodheshwa kati ya majengo ya kihistoria yanayolindwa kisheria, daraja la I, la juu kabisa, ambalo lina kama asilimia 2.5 tu ya majengo yote yaliyoorodheshwa England. Kufanya kazi inayogusa sura au umbile la jengo bila kibali ni kosa la jinai, si faini ya halmashauri tu. Na orodha hailindi uso pekee. Inalinda ngazi, mbao za ukutani, dari, hata kenchi zisizoonekana.

Kwa vitendo, mwenye duka anaishi na mambo haya. Rafu husimama zenyewe, hazipigiliwi ukutani. Sakafu haiko sawa, kwa hiyo kila kabati lina vipande vya mbao vilivyochomekwa chini ya mguu mmoja. Mizigo mizito haipelekwi juu ovyo, maana boriti za zamani zinabeba uzito wa watu na makabati, hazikupangiwa shehena. Nyaya za umeme hupitishwa pembeni, mahali zinapoweza kuondolewa bila kovu. Bango la duka ni vita vya barua kati ya mpangaji na ofisi ya mipango miji. Ghorofani kuna vyumba ambavyo biashara haivitumii kabisa, kwa kuwa kuongeza ngazi ya pili ya kutorokea moto kungemaanisha kukata miti ya karne tano. Haya ni maisha ya maduka mengi ya namna hii Uingereza nzima, kuanzia Ireland's Mansion ya Shrewsbury, iliyojengwa karibu na 1575 kwa ajili ya mfanyabiashara wa sufu Robert Ireland, hadi maduka ya ghorofa mbili mbili ya Chester.

Mbona haikuliwa na mchwa?

Uingereza haina mchwa wa asili. Mwaka 1994 walikutwa kwenye nyumba huko Devon; serikali ikaanza kazi ya kuwaangamiza, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba wamekwisha. Fikiria: mtaa wenye mchwa kidogo ulikuwa suala la serikali kwa miaka 27. Fundi wa Morogoro akisikia hivyo anacheka.

Adui wa nyumba za mbao za Uingereza ni mdudu mdogo wa kahawia ambaye kiwavi wake huishi ndani ya mwaloni kwa miaka, na ambaye akikomaa hugonga kichwa kwenye mbao kumwita mwenzake, tik tik tik, usiku. Hapendi mti mkavu. Anafuata ule uliolowa na kuanza kuoza. Kwa hiyo tunarudi pale pale, kwenye bomba la mvua.

Ukarabati unatumia saruji?

La hasha, na waliowahi kuitumia walijuta. Ukuta wa kiunzi, udongo na chokaa hunyonya unyevu mvua ikinyesha na kuutoa jua likitoka. Saruji haitoi. Unyevu ukiingia kwa ufa mdogo unanaswa nyuma ya tabaka gumu, na mti uliokaa mkavu miaka mia nne unaoza ndani ya miaka ishirini, huku ukuta kwa nje unang'aa. Saruji pia ni ngumu. Kiunzi kinacheza na majira, yenyewe haichezi, basi inapasuka, na ufa unaleta maji.

Hili linahusu watu wa pwani moja kwa moja. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Lipu ya saruji inazifanyia ubaya ule ule. Chumvi na unyevu vinabaki ndani ya ukuta, ncha za boriti zinazoingia ukutani zinaoza kimyakimya, na siku moja dari inashuka. Fundi anapaka saruji kwa sababu inakauka haraka na inapatikana kila duka la vifaa. Chokaa inataka kuchomwa, kulowekwa, kungojewa. Bei ya haraka hiyo analipa mwenye nyumba wa baadaye.

Kwa nini nyumba za Chester ni nyeusi na nyeupe?

Kwa kiasi kikubwa ni mapenzi ya karne ya 19. Majengo mengi ya Chester yenye michirizi hiyo yalijengwa au kujengwa upya wakati wa Malkia Victoria, na yale ya kale kweli yakapakwa rangi nyeusi kufuata mkumbo. Mwaloni ukiachwa wenyewe hugeuka kijivu.

Je, kwetu kuna nyumba za wafanyabiashara zilizokuwa hivi?

Kwa umbile, si sawa. Kwa mpango, zinafanana sana. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba nyumba za mji zilikuwa za miti, kwa hiyo pwani nayo ilikuwa na miji ya mbao kabla ya hiki kiunzi cha Ipswich. Zilizobaki ni za mawe. Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi katika Mji Mkongwe, mitaa kama Hurumzi, zina duka usawa wa barabara, lenye milango ya mbao ya kukunja inayofungua upana wote wa mbele, na familia juu. Vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Suffolk mwaloni uliwapa ukumbi mpana zaidi. Ndiyo tofauti ya msitu na msitu.

Mfano wa karibu zaidi na habari hii ni ile inayoitwa Dispensari ya Zamani, mbele ya bahari Unguja, iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, yenye roshani za mbao zilizokatwa kama lesi. Ilichakaa vibaya, ikakarabatiwa miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni. Na ukitaka kuona gharama ya kuchelewa, Beit al-Ajaib, hatua chache kutoka hapo, ilianguka sehemu Desemba 2020.

Naweza kuingia ndani bila kununua kitu?

Duka likiwa wazi unaingia kama mteja yeyote, na hakuna kiingilio. Sehemu ya chini inatosha kuonyesha mbao za ukutani za zama za Copping. Vyumba vya juu havifunguliwi kila siku. Majengo mengi ya kihistoria ya England hufungua milango bure kwenye siku za urithi mwezi Septemba, kwa hiyo ulizia ofisi ya utalii ya mji kabla hujakata tiketi ya treni. Ukiwa na muda, teremka hadi bandarini ukaone nyumba nyingine ya mfanyabiashara, ya Isaac Lord, yenye ghala lake nyuma hadi ukingo wa maji. Siku hizi ni baa, na chakula kinapatikana.

Picha?

Nje piga utakavyo. Ndani muombe mwenye duka. Ni mahali pa kazi yake. Picha za mabara zinatoka vizuri zaidi jua likiwa upande, wakati vivuli vinainua maumbo. Saa sita mchana zinapotea kwenye mwanga.